TUULIZANE BEI KABLA YA KUNUNUA NYUMBA

Maneno ya kamati ya nyumba mbele ya mkutano wa tawi, Kisumu



Tumepewa nusu saa, nasi tutajitahidi tusiipitishe. Sisi watatu si mawakili wala wathamini. Tu watu wa karakana na wa njia ya reli, umri wetu ni miaka thelathini na kitu, na elimu yetu ni ile ya shule ya msingi ya misheni. Basi hatukuja kuwafundisha sheria. Tumekuja kuwaeleza tuliyoyaona kwa macho yetu katika kazi ya kutafuta nyumba huko Migori na Homa Bay, ambako wengi wetu ndiko kwetu. Tena tumekuja kuungama kosa moja, nalo ni letu.

Miaka mitatu iliyopita ndugu yetu mmoja, aliyekuwa akigeuza njia za treni hapa stesheni, alistaafu. Mnamkumbuka wote. Alipata malipo yake, akaongeza na akiba yake ya sako, akaenda Migori kutafuta nyumba. Akaonyeshwa moja upande wa barabara iendayo Isebania: ya matofali, vyumba vitatu, ploti ya futi 50 kwa 100. Dalali akamwambia bei ni shs. 2,800,000/-. Akamwambia tena kwamba kuna mtu wa dhahabu kutoka upande wa Macalder anakuja kesho yake na fedha taslimu. Ndugu yetu akaogopa kuikosa. Akalipa.

Nyumba ni yake, hati anayo, wala hakuna aliyemwibia. Lakini alipokwisha kuhamia akasikia kwa majirani kwamba nyumba ya pili kutoka kwake, yenye vyumba vile vile na ploti ile ile, ilikuwa imeuzwa miezi mitano tu kabla yake kwa shs. 1,900,000/-. Tofauti ni shs. 900,000/-. Mshahara wake wa mwisho ulikuwa shs. 36,000/- kwa mwezi. Gawanyeni wenyewe: ni kazi ya miezi 25. Miaka miwili na mwezi mmoja ya kusimama mvuani na taa mkononi, akaitoa kwa alasiri moja kwa sababu hakuuliza swali moja.

Sasa sikilizeni kosa letu. Aliyeinunua ile nyumba ya shs. 1,900,000/- ni mwanachama wa chama hiki hiki. Na katika sisi watatu tunaosema nanyi, mmoja aliijua bei hiyo, maana ndiye aliyetia sahihi kama shahidi. Alimwona mzee akijitayarisha kwenda Migori, akamtakia safari njema, wala hakumwambia neno. Mbona? Kwa sababu tumezoea kwamba bei ya nyumba ni siri ya mwenye nyumba. Twaona haya kuuliza, na twaona haya kuulizwa. Aliyenunua rahisi anaogopa kijicho, naye aliyenunua ghali anaogopa kuchekwa. Hivyo kila mtu anafunga mdomo, na anayebaki na habari zote ni dalali.

KWA NINI HATUKUZOEA KUULIZANA

Babu zetu hawakuulizana bei ya ardhi kwa sababu hawakuinunua. Ardhi ilikuwa ya ukoo. Kijana alionyeshwa mahali pa kujenga simba yake katika dala la baba, na baadaye akatoka kuanzisha dala lake mwenyewe. Hati za ardhi zilikuja juzi tu. Sheria ya kuamua nani ana haki ya shamba gani ni ya mwaka 1968, na kupima na kusajili kukafuata sehemu baada ya sehemu. Mpaka leo twajua kwamba dala la ukoo si kitu cha sokoni. Lakini nyumba ya mjini ni kitu cha sokoni, na soko lina desturi zake. Mama akienda kununua samaki Homa Bay, haulizi mchuuzi mmoja. Hupita kwanza meza tano, akasikia ngege anauzwaje asubuhi hiyo, ndipo akataja bei yake. Kwa samaki wa shilingi mia tatu anauliza mara tano, nasi kwa nyumba ya milioni mbili tunauliza mara moja, tena kwa muuzaji mwenyewe!

Tena miji hii si ile ya zamani. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 ikaishia hapa. Watu wa Nyanza ya Kusini walifikiwa na meli za reli zilizotia nanga Kendu Bay na Homa Bay. Miji yao ilikua polepole, na bei za ploti zilikua polepole. Lakini tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, Migori na Homa Bay zimekuwa makao makuu. Wakaja waandishi wa ofisi, waalimu na wauguzi. Homa Bay pakawa na chuo kikuu chenye jina la Tom Mboya. Migori pana dhahabu, na Awendo pana kiwanda cha sukari. Mahali kama hapo bei inaweza kupishana sana kati ya mtaa na mtaa, na kati ya mwaka na mwaka. Nayo matangazo ya bei yanayotolewa na wauza nyumba wa Nairobi ni habari za Nairobi na miji ya kando yake. Hayatakusaidia Rodi Kopany wala Rongo.

KAZI TULIYOIFANYA HOMA BAY

Baada ya lile la Migori tulijisikia vibaya. Mwaka jana mwanachama mwingine, mama anayefanya kazi katika ofisi ya tikiti, alipotaka nyumba Homa Bay, tulisema safari hii tutauliza. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili vya kulala na sebule, na bei iliyotajwa ilikuwa shs. 2,600,000/-. Tukaenda Jumamosi tatu. Haya ndiyo tuliyoyapata, nasi twayaeleza moja moja ili mjue kwamba bei ya zamani haitoshi kuisikia, lazima uijue na sababu yake.

Nyumba ya kwanza, mstari ule ule, iliuzwa mwaka uliotangulia kwa shs. 2,200,000/-. Lakini ilikuwa na ukuta na tangi kubwa la maji, ambavyo yetu haikuwa navyo. Fundi wa hapo alituambia ukuta na tangi ni kama shs. 150,000/-. Basi kwetu sisi nyumba hiyo ilisema shs. 2,050,000/-.

Ya pili iliuzwa shs. 1,750,000/-. Tulifurahi, mpaka tulipoambiwa kwamba mwenyewe alikuwa na mgonjwa hospitali na aliuza kwa juma moja. Hiyo ni bei ya shida. Mtu asiye na shida hataikubali, wala si vema kumlazimisha.

Ya tatu iliuzwa shs. 800,000/- tu, lakini mjomba alimwuzia mpwa wake. Hiyo ni zawadi iliyovaa nguo za biashara. Tukaiacha.

Ya nne, karibu na ziwa, iliuzwa shs. 1,200,000/- mwishoni mwa mwaka 2020. Mwaka ule, mwezi wa Mei, maji ya Ziwa Victoria yalipanda mpaka kimo ambacho hakikuonekana tangu mwaka 1964, na watu wa ufukweni walihama nyumba zao. Bei hiyo haikutuambia thamani ya nyumba yetu iliyo mlimani. Lakini ilitufundisha kitu kingine: kila ukionyeshwa nyumba rahisi karibu na maji, waulize wazee maji yalifika wapi mwaka 1964 na mwaka 2020. Rahisi huwa na sababu yake.

Ya tano iliuzwa shs. 2,500,000/-, na dalali aliitaja sana hiyo. Kumbe mnunuzi alilipa kidogo kidogo kwa miaka miwili. Mwenye kungoja fedha hupandisha bei, na mwenye kulipa mara moja ana haki ya kupunguziwa. Usipime fedha taslimu kwa bei ya mkopo.

Ya sita tuliikuta kwenye kadi ya rejista, bei imeandikwa shs. 900,000/-. Jirani aliyekuwapo siku ya kuhesabu fedha akatuambia zilikuwa shs. 1,900,000/-. Habari ya kadi hii tutairudia.

Basi tukakaa chini ya mti na karatasi. Tatu tukazitupa: ya shida, ya mjomba, na ya ziwani. Ile ya mkopo tukaiweka kando. Zikabaki mbili zinazofanana na yetu: shs. 2,050,000/- na shs. 1,900,000/-. Mama akataja shs. 1,900,000/-, na alipoulizwa kwa nini, hakusema "sina zaidi." Alitaja nyumba zile mbili na bei zake. Mwenye nyumba akanyamaza, akacheka, akasema, "Kumbe mmetembea." Wakapatana shs. 2,000,000/-. Jumamosi tatu na nauli ya matatu zilimwokolea shs. 600,000/-.

MAHALI PA KUULIZA

Kwanza, waulize majirani walionunua miaka miwili au mitatu iliyopita. Usiulize "nyumba hapa ni bei gani," maana watakujibu kwa kukisia. Uliza: wewe ulitoa ngapi, mwaka gani, kwa mara moja au kidogo kidogo, na ulipewa karatasi gani? Nyumba yenye hati na nyumba yenye makubaliano tu ya mkono si kitu kimoja, hata zikifanana bati kwa bati.

Pili, nenda katika ofisi ya kusajili ardhi. Homa Bay iko, Migori iko. Nenda na namba ya ploti, nakala ya hati na kitambulisho chako, uombe kupekua rejista kwa njia rasmi. Utapewa jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama imewekwa rehani au ina zuio. Nayo kadi yenyewe ya rejista huonyesha wenye ardhi waliopita, mmoja baada ya mwingine, na mara nyingi bei waliyoitaja. Ninyi madereva wa treni mnajua: hakuna anayetoa injini karakana kabla ya kusoma kitabu chake, aone wenzake waliotangulia waliandika kasoro gani. Nyumba nayo ina kitabu chake.

Tatu, kama ardhi bado inahesabiwa kuwa ya shamba, na ploti nyingi za kando ya mji bado zinahesabiwa hivyo, mauzo hupita mbele ya Bodi ya Ardhi. Sheria yake ni ya mwaka 1967. Idhini huombwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano, na bila idhini mauzo hayana nguvu. Bei hutajwa katika maombi, na wazee wanaoketi katika bodi hizo wamesikia bei za miaka mingi. Mtu mwenye adabu akiwauliza, hawamfukuzi.

Nne, mthamini aliyesajiliwa. Atadai malipo, lakini sako yako ikikukopesha kwa rehani ya nyumba huenda itamtaka hata hivyo. Mwombe akuonyeshe nyumba alizozilinganisha. Kama hakulinganisha na nyumba yoyote, mwulize amethamini kwa kitu gani.

Na jambo la mwisho la upimaji: dalali hupenda kuiita ploti ya 50 kwa 100 kuwa sehemu ya nane ya ekari. Si kweli. Sehemu ya nane ya ekari ni futi mraba 5,445, na 50 kwa 100 ni futi mraba 5,000. Ukilinganisha bei, linganisha ardhi iliyopimwa, usilinganishe majina.

UONGO ULIOANDIKWA KATIKA KADI

Tulisema tutarudi kwenye ile kadi ya shs. 900,000/-. Mnajua kwa nini watu huandika hivyo. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, na watu wanataka kuupunguza. Kwa nyumba ya shs. 2,000,000/- mjini ushuru ni shs. 80,000/-, nasi hatusemi kwamba ni kidogo. Lakini fikirini. Serikali ina mthamini wake wa kukadiria ushuru huo, naye halazimiki kuiamini karatasi yako. Tena mambo yakiharibika mkaenda kortini, wewe uliyetoa milioni mbili una karatasi ya laki tisa mkononi. Tena siku ukiiuza kama si nyumba uliyokuwa ukikaa mwenyewe, huenda ukadaiwa kodi ya faida, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Ukijiandikia kwamba ulinunua rahisi, umejiandikia faida ambayo hukuipata, nawe huenda ukailipia kodi.

Na juu ya hayo, aliyeandika uongo katika kadi amemharibia kitabu mtu wa kesho. Uingereza bei za nyumba zilizouzwa katika England na Wales tangu mwaka 1995 zimetangazwa kwa watu wote, na mtu aweza kujua jirani alilipa ngapi kabla hajataja bei yake. Huko dalali hana siri ya kuuza. Sisi hatuna daftari kama hilo, na hicho kidogo tulicho nacho tunakiharibu kwa mikono yetu.

Tuliosoma misheni twakumbuka habari ya Ibrahimu alipotaka mahali pa kumzika Sara. Mwenye shamba la Makpela aliitaja bei kana kwamba ni kitu kidogo kati ya marafiki. Ibrahimu akampimia fedha yake, shekeli 400, mbele ya watu wa mji, langoni, kila mtu akisikia. Kwa kuwa bei ile haikufichwa, hata leo twaijua.

KAZI YA CHAMA

Huenda mtu atauliza: haya yanahusu nini chama cha wafanyakazi? Yanahusu sana. Zamani kila mfanyakazi alipangiwa mshahara peke yake, naye hakujua mwenzake anapata ngapi. Hakuwa na nguvu ya kudai, maana hakuwa na cha kulinganisha. Tom Mboya, ambaye kwao ni Rusinga katika Homa Bay ya leo, alipowatetea makuli wa bandari ya Mombasa mwaka 1955, hakwenda na makelele peke yake. Alikwenda na hesabu. Hata leo mapatano yetu ya mishahara huandikwa na kusajiliwa kortini, kila mtu ayasome. Tuliondoa siri katika mshahara, ndipo tukapata nguvu. Sasa tunaipokea ile fedha tuliyoipigania miaka thelathini, halafu tunaingia nayo katika giza lile lile tulilolitoka.

Wala hatusemi haya ili kuwakandamiza wauzaji. Wengi wao ni wafanyakazi kama sisi, na kesho wewe utakuwa muuzaji. Bei ikijulikana, mnunuzi hapunjwi, na mjane aliyeachiwa nyumba naye hadanganywi kuiuza nusu ya thamani yake. Anayeumia kwa bei kujulikana ni yule tu aliyekuwa akila kwa sababu haijulikani.

Kwa hiyo tunaleta ombi mbele ya mkutano huu. Tawi liwe na daftari la bei. Kila mwanachama aliyenunua au kuuza nyumba au ploti, Migori, Homa Bay, Kisumu au mahali popote, aandike mambo haya: mtaa, ukubwa, mwezi na mwaka, bei iliyolipwa kweli, ililipwa kwa njia gani, karatasi ya aina gani, na kama muuzaji alikuwa na haraka au ujamaa na mnunuzi. Asiandike jina lake wala la mwenzake. Daftari likae kwa Katibu, na mwanachama yeyote apate kulisoma bila malipo. Aliyenunua ghali asione haya. Mstari wake ndio utakaomwokoa mwenzake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali yetu imepotea vya kutosha.

Tulikwenda Migori mwezi uliopita kumwona yule mzee wetu. Tulimweleza kwamba mmoja wetu aliijua bei akanyamaza. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Mlidhani ningewaonea wivu?" Hatukuwa na jibu. Akatupa chai, akatuambia tuiandike bei yake nayo, shs. 2,800,000/-, watu waione.

Basi daftari tumekwisha kulinunua, liko hapa mezani, na kalamu iko. Mistari miwili ya kwanza tumekwisha kuiandika: barabara ya Isebania, Migori, ploti 50 kwa 100, vyumba vitatu, shs. 1,900,000/-, na chini yake, mtaa ule ule, miezi mitano baadaye, shs. 2,800,000/-. Mwenye mstari wa tatu na aje mbele.